Usitupe mavi ya chuma

Jembe likigonga kitu kizito, cheusi, chenye vitundu kama andazi lililoungua, wengi hukiokota na kukirusha kando ya shamba. Kitazame kwanza. Huenda ni mavi ya chuma, yaani taka zilizoyeyuka na kumwagika tanurini wakati wahenga wakitoa chuma kwenye mawe.

Mkoani Kagera taka hizi zimetufundisha mengi. Wahaya wa Katuruka, karibu na Bukoba, wamesimulia tangu zamani kwamba penye mti wa Kaiija, kwenye makao ya mfalme Rugomora Mahe, palifuliwa chuma. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliyafuata masimulizi hayo, akachimba, akakuta mabaki ya uhunzi wa miaka ipatayo 2,000. Mfalme mwenyewe aliishi karne ya 17! Kumbe kumbukumbu ya mahali pale ilikuwa ya kale kuliko utawala wake, na waliyoyasema wazee hayakuwa hadithi za kupitisha usiku.

Chuma cha Ulaya kilipoingia kwa wingi, kazi ile ilikufa. Hata hivyo, mwaka 1976 wazee waliokuwa wameifanya ujanani walijenga tanuri upya. Walichimba shimo, wakalisiriba kwa udongo wa kichuguu, wakachomea humo majani ya kinamasi mpaka yakawa meusi. Juu yake wakasimamisha tanuri, wakapenyeza mabomba ya udongo ya mivukuto hadi ndani ya moto.

Mavi ya chuma ya kale kutoka Kemondo, mkoani humohumo Kagera, yana alama za majani hayohayo. Ukikigeuza kipande juani unaiona mistari ya bua moja moja, lililoungua zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mimi huwa sichoki kuitazama.

Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Kulikuwa na wa kuchoma makaa, wa kuchimba mawe, wa kufinyanga mabomba, wa kuvukuta. Ilikuwa na miiko pia: tanuri lilifananishwa na tumbo la uzazi, na wafua chuma hawakulala na wake zao siku za kazi. Vipande vya makaa navyo hutueleza miti iliyokatwa, na umri wake hupimwa maabara.

Vipimo hivyo huwa na maana tu tukijua kitu kilikuwa kimelala wapi na kando ya nini. Kwa hiyo ukikutana na mavi ya chuma, vigae au mabomba ya udongo, usichimbue zaidi. Viache palepale, piga picha, umwarifu mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni wa halmashauri.