Maswali na Majibu: Kupona Uraibu wa Kamari kwa Msaada wa Wenzako

Katika chumba cha ushauri ninamohudumia waraibu wa kamari, kuna sentensi moja ninayoisikia kuliko zote: "Nitaacha nikisharudisha pesa zangu." Huisema vijana na watu wazima, wasomi na wasiosoma, na wengi wao huwa wameikariri kwa miezi mingi kabla ya kufika kwangu. Ndiyo inayowachelewesha, na kwa sababu hiyo nitairudia katika majibu haya bila kuomba radhi.

Uraibu wa kamari ni nini?

Ni ugonjwa unaomfanya mtu ashindwe kuudhibiti uchezaji wake hata pale anapoona wazi kwamba unamwangamiza. Tangu 2013, mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani umeuweka katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, na Shirika la Afya Duniani nalo linautambua kuwa ugonjwa. Mwongozo huo una dalili tisa, na mtu akiwa na nne au zaidi ndani ya miezi 12 huhesabiwa kuwa mgonjwa. Miongoni mwake ni kuhitaji dau kubwa zaidi ili kupata msisimko uleule, kukosa utulivu anapojaribu kupunguza, kuwaficha watu wa karibu, na kurudi kesho kufukuzia kilicholiwa leo. Si lazima mtu abeti kila siku.

Nimepoteza fedha nyingi. Je, si busara nizirudishe kwanza, ndipo niache?

Hapana. Kufukuzia hasara ni mojawapo ya zile dalili tisa, kwa hiyo anayesema ataacha baada ya kurudisha fedha zake anasema, bila kujua, kwamba atapona baada ya kuugua zaidi. Michezo ya kamari ya kibiashara hupangwa ili mwenye mchezo abaki na faida, na kadiri mchezaji anavyorudi ndivyo hesabu inavyozidi kumwelemea. Mgonjwa mmoja aliniletea daftari aliloliita la mpango wa kuacha. Juu ya kila ukurasa aliandika kiasi anachotaka kurudisha, na katika kila ukurasa kiasi hicho kilikuwa kimekatwa na kikubwa zaidi kuandikwa pembeni, mpaka mahali pengine kalamu ilikuwa imetoboa karatasi. Nilimwomba anioneshe ukurasa ambao kiasi kilipungua. Alifunua daftari lote, kisha akalifunga.

Lakini kuna siku nilikaribia kabisa kushinda. Nikishinda mara moja nitaacha.

Hapana, hutaacha. Utafiti wa ubongo umeonesha kwamba kukosa kidogo huamsha kwa mraibu sehemu zilezile zinazoamshwa na ushindi, na ndiyo maana hasara ile humsukuma arudi badala ya kumkatisha tamaa. Ushindi wenyewe nao, kwa wagonjwa ninaowahudumia, hugeuka mtaji wa dau linalofuata, mara nyingi kabla hata ya kulipa deni moja. Fedha zilizoliwa zimekwenda. Najua ni neno gumu, na nimeona watu wazima wakilia wanapolikubali, lakini sijaona aliyeanza kupona kabla ya kulikubali.

Kikundi cha kusaidiana kitanipa nini ambacho siwezi kukipata peke yangu?

Kitakupa watu usioweza kuwadanganya. Mimi niliyesomea kazi hii naweza kudanganywa na mgonjwa mwenye maneno mazuri kwa kikao kizima. Mtu aliyewahi kuuza vitu vya nyumbani na kusingizia wezi atakutambua kabla hujamaliza sentensi, na atakusikiliza bila kukudharau. Kikundi kinachojulikana zaidi, Gamblers Anonymous, kilianza Los Angeles mwaka 1957 kwa kufuata mfano wa walevi waliokuwa wakisaidiana kuacha pombe. Wanachama hufuata hatua 12 za kupona, na sharti la kujiunga ni moja tu: nia ya kuacha kamari. Hakuna ada ya uanachama, na majina ya watu hayatolewi nje ya mkutano.

Mkutanoni mtu husimulia yaliyompata na jinsi anavyoishi bila kamari, na mgeni hupewa namba za simu za wenzake ili ampigie mmoja wao pale hamu inapomkaba, yaani kabla ya kubeti. Mwenye uzoefu humshika mkono mgeni na kumwongoza katika hatua hizo. Kuna pia kikao cha madeni, ambacho wengi hukiogopa kuliko vyote: mraibu, na ikiwezekana mwenzi wake, huketi na wanachama wazoefu, huorodhesha kila anayemdai bila kuficha hata mmoja, kisha hupanga kulipa kidogo kidogo kutokana na kipato halali. Kwa kawaida fedha za nyumbani hukabidhiwa mtu mwingine azishike. Hapo ndipo ile hoja ya kurudisha fedha kwa kubeti inapokosa kazi, kwa sababu madeni yamepata njia nyingine.

Sisi wa familia tumlipie madeni ili aanze upya?

Naomba msifanye hivyo. Nimewapokea wazazi waliouza mali mara mbili, mara tatu, kila mara wakiambiwa kuwa ni ya mwisho, na kila mara kijana wao alirudi kucheza kwa sababu njia ya kukopa ilikuwa imefunguka upya. Lindeni chakula, kodi na karo. Ondoeni jina lake kwenye akaunti za pamoja. Msimwachie kadi wala namba za siri. Jamaa wa waraibu nao wana vikundi vyao, nami huwahimiza waende hata kama mgonjwa mwenyewe amekataa.

Nimeteleza baada ya miezi kadhaa. Nimerudi mwanzo?

Uliyojifunza hayajapotea. Mpigie mwenzako leo, nenda kwenye mkutano unaofuata, useme. Usicheze tena ili kufidia ulichopoteza ulipoteleza.

Je, kikundi kinatosha bila kwenda hospitali?

Kwa baadhi ya watu, hapana. Tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na mazoea ya mchezaji husaidia, na huenda vizuri pamoja na kikundi. Wengi wana sonona au ulevi unaohitaji kutibiwa sambamba. Lililo zito zaidi ni kwamba waraibu wa kamari wana hatari kubwa ya kujiua, hasa madeni yanapofichuka. Muulizeni waziwazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikiri, asiachwe peke yake, mwondoleeni dawa, sumu na silaha, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Akiomba msubiri hadi matokeo ya dau lake la mwisho yatoke, msimsubiri.