Jeli ya ganzi haipakwi kama mafuta ya mgongo

Mzee mmoja alinijia kwenye dirisha la famasi na tyubu tupu, imekamuliwa mpaka imejikunja kama ganda la ndizi. "Mwanangu," akaniambia, "dawa yenu hii ni maji." Mkanda wa jeshi ulimpata miezi kadhaa nyuma, malengelenge yakakauka, ngozi ikapona, lakini maumivu yalikataa kuondoka. Ubavu ulimwaka, na hata shati likimgusa aliruka. Akaandikiwa jeli ya lidokaini, dawa ya ganzi.

Nikamuuliza anaipakaje. Kifua, ubavu, mgongo mzima mpaka kiunoni, mara tano sita kwa siku. Akishapaka anajizungushia nailoni "isikimbie", kisha anaegemea chupa ya maji ya moto. Nikamuuliza tena: midomo inakufa ganzi? Masikio yanavuma? Akanitazama kama niliyempigia ramli. "Umejuaje?"

Sikuwa nimepiga ramli. Neva hupeleka habari ya maumivu kwa kufungua vijilango vidogo vinavyoruhusu sodiamu kuingia. Lidokaini huviziba vijilango hivyo, na neva iliyochanganyikiwa, ile inayopiga kelele bila kuguswa na chochote, hutulia kwa muda. Tatizo ni kwamba ubongo na moyo navyo vinatumia vijilango vya aina hiyohiyo. Ukipaka sehemu ndogo, kinachopenya hadi kwenye damu ni kidogo na ini linakimudu. Ukipaka nusu ya kiwiliwili, ukafunika, ukapasha joto, umeifungulia dawa mlango mkubwa. Dalili za mwanzo ni hizo za mzee: ganzi mdomoni, ladha ya chuma, masikio kuvuma, kizunguzungu. Zikipuuzwa, kinachofuata ni degedege na moyo kwenda kombo.

Watu hudhani natia chumvi, maana "ni ya kupaka tu". Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya wasichana wawili kufariki. Walikuwa wamepaka dawa kali ya ganzi miguuni na kujifunga plastiki, wakijiandaa kuondolewa nywele kwa leza. Hawakumeza kitu wala kuchomwa sindano.

Kwa hiyo ninapokabidhi jeli hii huanza na ombi moja: nionyeshe panapouma kwa kidole kimoja. Mkono mzima ukipita mgongoni haunisaidii. Kidole hutafuta, husita, mwisho huzunguka mahali fulani, na mara nyingi mahali penyewe si pakubwa kuliko viganja viwili. Hapo ndipo pa kupaka. Kipimo ni kidole hichohicho: mstari wa jeli kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye pingili ya kwanza ni kama nusu gramu, nao hutosha eneo la viganja viwili. Idadi ya kupaka kwa siku ifuate kibandiko cha tyubu yako, si ya jirani, kwa sababu nguvu zinatofautiana. Ukitumia plasta za lidokaini za asilimia 5, utaratibu wa kawaida ni zisizidi tatu kwa pamoja, zikae saa 12, kisha ngozi ipumzike saa 12. Na usichanganye plasta na jeli ukidhani ni dawa mbili.

Ngozi iwe nzima. Mwenye malengelenge ya mkanda wa jeshi ambayo bado yana majimaji asubiri yapone. Penye kidonda au mchubuko, usipake. Bandeji ya kubana, nailoni, chupa ya moto, blanketi la umeme: hapana kwa vyote.

Hapa niseme jambo ambalo huwaudhi wengi: jeli nyingi watu wanazopaka kwa "maumivu ya neva" hazihusiani na neva kabisa. Diklofenaki, kwa mfano, hupunguza uvimbe. Goti litaishukuru, lakini neva iliyoharibika haiumi kwa sababu ya uvimbe. Vilevile kama neva imebanwa kwenye uti wa mgongo na maumivu yanashuka hadi kwenye unyayo, kupaka unyayo ni kufuta moshi na kuuacha moto.

Lidokaini ina ndugu yake mkali, kapsaisini, ile inayoifanya pilipili iwashe. Huamsha kipokezi cha joto kwenye neva, na David Julius alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 kwa kukigundua. Kikiamshwa tena na tena, neva huchoka na kunyamaza. Ndiyo maana siku za mwanzo huwaka, na ndiyo maana wengi huitupa kabla haijaanza kusaidia. Krimu zake za nguvu ndogo hupakwa mara tatu au nne kwa siku, kwa wiki kadhaa. Ukipaka leo na kuruka kesho umejichoma bure. Usipake baada tu ya kuoga maji ya moto, na nawa mikono kwa sabuni, maana maji matupu hayaiondoi. Mimi mwenyewe, mfamasia mzima, niliwahi kufikicha jicho baada ya kuwaonyesha wanafunzi namna ya kuipaka. Somo liliishia hapo.

Wenye kisukari nawaomba kitu cha ziada. Mguu unaochomachoma usiku huwa pia umepoteza hisia, na jeli ya ganzi inazidisha. Tazama nyayo kila siku kabla ya kupaka, hata kwa kioo, na katikati ya vidole pia. Ukikuta kidonda, weka tyubu chini nenda hospitali. Nao wanaotumia dawa za mapigo ya moyo, wenye ini bovu, wajawazito, na aliyewahi kudhurika na sindano ya ganzi, waseme kabla hawajapewa. Tyubu ikae mbali na watoto. Hata kidogo kikimezwa ni hatari.

Mzee nilimwosha kwa maji na sabuni palepale, nikampeleka akapimwe moyo bila kungoja kesho. Ulikuwa salama. Aliporudi nilimwomba kidole. Alizunguka zunguka, akasimama chini ya titi la kushoto, kipande cha ngozi kama kiganja. Akakitazama kwa mashaka. "Hapa tu?" Hapo tu, nikamwambia, na tuone baada ya wiki mbili, isiposaidia tunabadili dawa, hatuongezi jeli.

Alirudi wiki ya pili amevaa shati lililofungwa vifungo vyote. Tyubu ilikuwa bado imejaa nusu.