Jiko la Indaksheni: Kabla Hujatoa Hela Kariakoo

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Tangu hapo habari za majiko zimeshika kasi mjini, na sifa nyingi zimekwenda kwa mtungi wa gesi. Jiko la indaksheni, lile la kioo cheusi lisilotoa moto, limekuja nyuma yake likiburuta maneno: mara linamaliza LUKU, mara lina mionzi, mara ugali hausongeki.

Kwa maoni yangu, uamuzi wa kulinunua unategemea vitu viwili ambavyo muuza duka hatakuuliza: sufuria zilizo kabatini kwako, na mita inayohesabu umeme wako. Hayo mawili nitakaa nayo. Mengine nitayapita haraka.

"Hili linakubali sufuria yoyote, dada"

Utaisikia Kariakoo, kuanzia Msimbazi hadi Uhuru, na mara nyingi muuzaji hata hadanganyi kuhusu jiko aliloshika. Shida ni kwamba mezani pake kuna majiko ya aina mbili yanayofanana kama mapacha: yote bapa, yote ya kioo cheusi, yote ya vitufe vya kugusa. Moja ni la infraredi. Hilo lina waya unaopata moto chini ya kioo, ukiliwasha unaona wekundu, na kweli linapokea chochote, alumini, chungu, hata birika la bati.

Indaksheni halina kinachowaka. Chini ya kioo kuna koili ya shaba, na umeme unaopita humo hugeuka mwelekeo zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde na kuzalisha uga wa sumaku. Uga huo ukikuta kitako cha chuma, huamsha mikondo ya umeme ndani ya chuma chenyewe, na sufuria ndiyo inayopata moto. Pasipo chuma hakuna joto. Jiko litalia pii pii, litaonyesha alama ya kosa, kisha litajizima.

Hapo ndipo nyumba nyingi za Dar zinapokwama, maana sufuria zetu karibu zote ni alumini. Ile seti isiyo na mikono, inayoingiana kuanzia kubwa ya pilau hadi ndogo ya chai, ni alumini tupu. Chungu cha mchuzi wa samaki ni udongo. Karai la maandazi, hata likiwa la chuma, kitako chake ni cha mviringo na hakikai kwenye kioo.

Dawa yake ni sumaku. Ile ya kubandika kwenye friji inatosha. Iweke chini ya kitako, siyo ubavuni. Ikishika kwa nguvu, sufuria inafaa. Ikishika kwa kulegea, itapika kwa kulegea. Ikianguka, achana nayo. Stenlesi isikudanganye kwa kung'aa, kwani ipo inayoshika sumaku na ipo isiyoshika, na dukani zinapangwa rafu moja. Kitako nacho kisiwe kidogo sana. Chini ya sentimita 12 hivi majiko mengi hayakioni kabisa.

Kwa hiyo bei iliyo kwenye kibandiko siyo bei kamili. Ongeza angalau sufuria mbili na kikaango, ndipo ulinganishe na gesi. Kuna mabamba ya chuma yanayouzwa ili uyaweke katikati ya jiko na sufuria ya alumini. Mimi siyapendi: bamba linapata moto lenyewe, linachoma kioo kilicho chini yake, na ile haraka uliyolipia inapotea. Kama huna mpango wa kubadili sufuria, chukua infraredi kwa moyo mweupe, ukijua kwamba linapoteza umeme zaidi.

"Linakula umeme"

Wati 2,000 ni nyingi, sikatai. Liache saa nzima kwenye nguvu ya juu, litamaliza uniti mbili. Lakini hakuna anayepika hivyo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lita 2 za maji ya bomba yenye nyuzi 25 huchemka kwa takriban dakika 6 na uniti 0.2. Kwa bei ya kundi la T1 (watumiaji wa kawaida) iliyowekwa 2016, yaani shilingi 292 kwa uniti, ambayo VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) huifikisha takriban 356, hiyo ni shilingi 70 na ushee.

Sababu ni kwamba takriban asilimia 85 ya umeme wa indaksheni huishia kwenye sufuria. Kwenye gesi sehemu kubwa ya moto hupanda pembeni na kukupasha wewe mpishi. Anayepika Februari kwenye chumba chenye dirisha moja analijua hilo vizuri. Mtungi wa kilo 6 umebeba nishati sawa na uniti 77 hivi. Tukadirie nusu yake ndiyo inayoingia kwenye chakula, kama uniti 38. Indaksheni itahitaji uniti 45 kufanya kazi ileile, na kwa T1 hizo ni kama shilingi 16,000. Weka hapo bei ya kujaza mtungi mtaani kwako, utaona nani anashinda.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya mtu ambaye tayari yuko T1. Aliye D1, lile kundi la matumizi madogo, asiinakili. Chukua nyumba yenye friji ndogo, feni, taa na televisheni, inayotumia uniti 60 kwa mwezi. Kwa shilingi 100 kwa uniti inalipa 6,000 kabla ya kodi. Ongeza uniti 45 za jiko, zinakuwa 105. Mwisho wa D1 ni uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hupigwa bei ya juu, na mita inayozidisha mwezi hadi mwezi huhamishiwa T1. Ukishahamishwa, uniti zote 105 unazilipia 292, zikiwemo za friji na taa ambazo zamani ulilipia mia. Jumla ni 30,660. Tofauti na zamani ni 24,660 kabla ya kodi, na kodi zikiingia inafika kama elfu 30. Hapo gesi inaweza kuwa nafuu kabisa, na jiko halina kosa lolote.

Mwenye D1 anayelitaka hata hivyo ana njia ya katikati: alitumie kwa chai, mayai na kupasha viporo, abaki ndani ya zile uniti 15 zilizosalia, mengine yaende kwenye gesi. Kujua unakwendaje ni rahisi. Soma mita kabla ya kuwasha jiko, soma ulipomaliza, huku friji na pasi zimezimwa.

Maharage na makande ni habari nyingine. Kitu kinachotaka saa mbili za kutokota kinataka presha kuka ya umeme, ambayo hufunga mvuke ndani na kukata muda na uniti. Ukiwa na hela ya kifaa kimoja tu, na nyumbani kwako maharage ni chakula cha kila siku, ningekwambia anza na hiyo.

"Mita ni moja, tunachanga"

Hii siyo dhana potofu kwa maana yake halisi, ila ndiyo inayoua majiko mengi kuliko hitilafu yoyote. Nyumba ya vyumba sita, LUKU moja, kila chumba kinachanga sawa. Siku harufu ya vitunguu ikitoka chumbani kwako bila moshi wala gesi, majirani wanaanza kuhesabu uniti zao. Mama mwenye nyumba ataambiwa, na kwa kawaida sheria yake ipo tayari: hapa jiko la umeme hapana, hita hapana. Kumwelezea asilimia 85 hakutasaidia. Kinachosaidia ni mita ndogo ya chumba, inayofungwa na fundi umeme baada ya mita kuu kwa ruhusa ya mama mwenye nyumba, ili kila mtu alipe alichotumia. Akikataa, usinunue.

"Bwawa limekamilika, umeme haukatiki tena"

Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, na mgao ule wa mwishoni mwa 2023 ulipungua mitambo ilipoanza kuwashwa 2024. Lakini umeme mwingi Rufiji hauzuii transfoma ya mtaani kwenu kuzidiwa saa moja usiku. Katika mitaa ya mbali na transfoma volti hushuka jioni, na indaksheni ikipata volti ndogo hugoma: hupunguza nguvu au huzima na kuandika kosa. Mtungi wa gesi usiuuze.

"Lina mionzi, mjamzito asilisogelee"

Uga wake wa sumaku hauna nguvu ya kuharibu chembe hai kama eksirei, na hupungua haraka sana unapojitenga na jiko. Tumia sufuria inayofunika duara lote lililochorwa, iweke katikati, inatosha. Wanaopaswa kuwa waangalifu kweli ni wenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani. Shirika la moyo la Uingereza, British Heart Foundation, huwashauri kukaa angalau sentimita 60 kutoka kwenye jiko likiwa limewashwa. Wamuulize daktari wao.

"Halichomi, hata mtoto akigusa"

Linachoma. Kioo hakitengenezi joto, lakini kimekaa chini ya sufuria yenye mafuta ya moto na kinapokea joto lake. Bila wekundu wa kumwonya mtoto, ningesema ni la kuangaliwa zaidi.

"Ugali hausongeki"

Unasongeka, ila siyo kwa mazoea yale ya mkaa. Kwenye jiko la mkaa unakaa kwenye kigoda, sufuria iko chini yako, unaibana na kuegemea mwiko kwa uzito wote wa bega. Kwenye meza, juu ya kioo kinachoteleza, sufuria isiyo na mkono inakimbia. Ikitoka kwenye duara jiko linakata. Kinachofaa ni sufuria ya chuma yenye mkono mrefu na kitako kizito. Chemsha maji kwa nguvu ya juu, koroga uji, kisha shusha hadi wati 800 kabla ya kuongeza unga. Joto linashuka papo hapo. Ukifika pale ugali unapokaza, iteremshe sufuria kwenye kitambaa kibichi kilichokunjwa, songa hapo kwa nguvu zako zote, rudisha uivishe.

Kasoro halisi ni mbili. Majiko mengi ya bei nafuu hayawezi kutoa moto mdogo wa kudumu: huwaka kwa nguvu sekunde chache, huzima, huwaka tena. Uji unachemka, unatulia, unachemka. Na koili zake ni ndogo, hivyo joto linakaa katikati. Angalia ukoko wa wali ukimaliza kupakua, utaona duara la kahawia lililochorwa kitakoni na pembeni mweupe. Chapati kubwa inaungua katikati kabla ukingo haujaiva, mpaka utumie chuma kizito na kukipasha polepole kwa dakika kadhaa. Wali wa nazi uliozoea kupaliwa makaa juu ya mfuniko utaukosa ule ukavu wa juu. Punguza maji kidogo na ufunike kwa mfuniko unaobana. Nyama choma na mahindi, peleka kwenye mkaa, hakuna mjadala.

"Likiharibika ni la kutupa"

Siyo lazima. Kinachoungua mara nyingi ni transista kubwa inayoendesha koili, na fundi wa elektroniki anayejua kazi hubadilisha. Kinachoiunguza nyumbani kwetu mara nyingi ni joto, mafuta na mende. Feni iliyo chini ya jiko huvuta hewa kutoka mezani, ikivuta na mvuke wa kukaangia. Ndani kuna joto zuri, na mende wa Dar hawahitaji mwaliko wa pili. Wakitembea juu ya saketi, siku moja inapiga shoti. Futa mezani kila usiku, usiliweke juu ya gazeti wala kitambaa kinachoziba matundu, na usichomoe plagi mara tu umalizapo. Acha feni imalize kazi yake.

Wati 2,000 kwa volti 230 ni karibu ampea 9. Soketi nzima ya ampea 13 inazibeba, ekstensheni ya bei ya chini yenye waya mwembamba haizibebi. Ukigusa plagi baada ya kupika ukakuta ni ya moto, au imeanza rangi ya kahawia, mwite fundi umeme. Majiko ya kujengea ya mafiga manne ni jambo jingine: yanaweza kufika wati 7,000, ampea 30, na yanataka waya wake peke yake kutoka kwenye saketi breka.

Dukani, omba soketi wakuwashie. Weka sufuria yako ya chuma yenye maji, sikiliza feni, jaribu nguvu ndogo kabisa uone inavyokatakata. Dai risiti ya EFD na kadi ya waranti yenye namba iliyo chini ya jiko, uzisome zote mbili kabla hujaondoka, maana ukirudi mwezi ujao ndicho kitu cha kwanza utakachoulizwa.