Kwa nini mvinyo wa Châteauneuf-du-Pape huchanganya zabibu nyingi?

Je, wajua kwamba chupa moja ya mvinyo mwekundu wa Châteauneuf-du-Pape inaweza kuwa na zabibu za aina 13, nyingine zikiwa nyeupe? Mji huo mdogo uko kusini mwa Ufaransa, kando ya mto Rhône, karibu na Avignon walikokaa mapapa karne ya 14.

Wengi hudhani ni siri ya mapishi. Sababu kubwa ni zabibu moja, Grenache, inayochukua sehemu kubwa ya mashamba. Huko baadhi ya mashamba hayaonyeshi hata udongo. Juu kumetandazwa mawe ya mviringo, makubwa kuliko ngumi, yaliyoletwa na mto zamani. Mchana yanapigwa na jua, usiku yanaachia joto lile taratibu chini ya mizabibu. Grenache inalipenda joto hilo. Sukari yake hupanda sana, na kwa kuwa chachu hugeuza sukari kuwa kilevi, mvinyo kufika asilimia 14 au 15 si ajabu.

Tatizo ni yaliyobaki. Ngozi nyembamba ya Grenache haitoi rangi nzito, uchachu wake ni mdogo, na ikigusana na hewa huchakaa upesi. Tena majira ya kuchipua yakiwa mabaya, maua hupukutika kabla ya kushika matunda.

Hapo ndipo aina nyingine za zabibu huitwa kusaidia. Syrah inaleta weusi. Mourvèdre, inayochelewa kuiva, inaleta tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi, na inaukinga mvinyo dhidi ya hewa. Counoise inaongeza uchachu kidogo na harufu ya pilipili manga, Cinsault wepesi. Na kwa kuwa haziivi siku moja, mvua ikiharibu aina moja, nyingine huenda imeshavunwa. Mavuno yote ni kwa mkono, mashine hairuhusiwi.

Mara nyingi kila aina huchachushwa peke yake, kisha glasi hupangwa mezani: hii kidogo, ile zaidi, onja, tema, rudia. Nyongeza ndogo tu ya Mourvèdre huhisika mdomoni.

Kanuni za mvinyo wa eneo hili zilianza kupiganiwa mwaka 1923, Baron Le Roy, mwenye shamba la mizabibu, akiongoza wakulima, na mwaka 1936 serikali ikazitambua. (Mji huu unapenda sheria: mwaka 1954 meya wake alipiga marufuku visahani vya angani kutua huko!) Lakini sheria ya mvinyo inaruhusu tu kuchanganya, hailazimishi. Watengenezaji wa Château de Beaucastel wanazo aina zote 13; wenzao wa Château Rayas wanatengeneza mvinyo wao mwekundu kwa Grenache tupu, na unatafutwa dunia nzima. Nadhani shamba lenyewe linaeleza: Rayas ni mchanga uliozungukwa na miti, si mawe yale ya moto, kwa hiyo Grenache ya pale inaiva bila kupoteza uchangamfu wake.