Sikukuu inakuja na nyumba itajaa: maswali na majibu kuhusu usalama wa wazee wetu

Sikukuu zikikaribia familia inapanga nani anakuja, watalala wapi, nani atapika, na mzee anaingia kwenye mipango kama mgeni wa heshima tu, akae pale watu wamsalimie na wapige nae picha. Lakini mwili wa mtu wa miaka 75 au 80 unaenda kwa ratiba, dawa saa fulani, chakula saa fulani, kulala saa fulani, na sikukuu inavuruga vyote kwa siku moja. Afu kuna hili la pili ambalo kwangu mimi ndo baya zaidi, nyumba ikiwa na watu wengi kila mmoja anadhani mwenzie ndo anamwangalia. Maswali ni mengi ila mtaona majibu yanarudi hapo hapo, ratiba yake na nani hasa yupo nae.

Tuanze kujiandaa lini, na tuanze na nini?

Kama inawezekana anzeni wiki 3 au 4 kabla. Sababu ya kwanza ni chanjo, maana baada ya kuchanja influenza mwili unachukua kama wiki 2 kujenga kinga, kwaiyo kuchanja siku moja kabla ya safari hakutamsaidia kwa siku hizo. Muulizeni daktari wake kuhusu influenza, korona na nimonia, na wanaokuja kukaa nae karibu nao wachanje kama zinapatikana.

Sababu ya pili ni dawa. Hesabuni vidonge mapema muone vinafika hadi baada ya sikukuu maana famasia nyingi na kliniki zinafungwa au zinafanya kazi nusu siku. Afu andikeni karatasi moja: dawa zote na dozi na saa, magonjwa aliyonayo, dawa zinazomdhuru, namba ya daktari. Muulizeni taratibu kabisa kuhusu dawa za mitishamba na zile za maumivu anazojinunulia mwenyewe, wazee wengi hawazihesabu kama dawa kwaiyo hawazitaji. Pigeni picha hiyo karatasi watu wazima wawili watatu wawe nayo kwenye simu.

Halafu pangeni zamu. Sio "tutakuwa tunamwangalia wote", hapana, mtu mwenye jina: asubuhi ni wewe, mchana ni dada, usiku ni fulani. Mwenye zamu hanywi pombe, na akitaka kutoka hata kidogo anamkabidhi mwingine kwa mdomo na yule aitikie.

Mzee atafikia kwangu. Nirekebishe nini ndani ya nyumba?

Anza na njia ya usiku kutoka kitandani hadi chooni. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 684,000 wanakufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wenye miaka zaidi ya 60, kwaiyo hili sio jambo dogo. Fanya hivi: usiku mmoja kabla hajafika, lala kwenye kitanda atakacholalia, zima taa zote, afu nyanyuka uende chooni pole pole kama yeye. Utakutana na begi la mgeni pembeni ya mlango, waya wa chaja umekatiza, kapeti limejikunja kona, swichi ya taa iko upande wa pili wa chumba. Hivyo ndo vya kuondoa, na uache taa ndogo inawaka kwenye korido usiku kucha.

Kitanda kisiwe kirefu sana wala kifupi sana, akikaa ukingoni nyayo zote ziguse chini. Bafuni weka mkeka usioteleza na kiti imara cha kuogea. Viatu viwe vinavyoshika kisigino, sio malapa, na asitembee na soksi peke yake kwenye sakafu laini. Vitu vya watoto vya kuchezea viokotwe kila jioni.

Na kuinuka kwenyewe kuna namna yake. Presha ya mzee inaweza kushuka ghafla akisimama haraka, hasa kama anatumia dawa za presha, na pia saa moja au mbili baada ya mlo mkubwa, yaani ule muda ambao watu wote wanainuka kwenda kupiga picha ya pamoja. Akae kwanza ukingoni dakika moja au mbili, achezeshe miguu, asimame ameshika kitu, ndo atembee.

Baba ana kisukari na chakula cha sikukuu siku zote kinachelewa. Inakuwaje?

Basi baba asisubiri meza kuu. Ale kwa saa yake ya kawaida, watu wakikaa kula atakaa nao ale kidogo. Hatari kubwa hapa ni mtu kachoma insulini au kameza dawa ya kushusha sukari kama glibenklamaidi afu chakula kikachelewa masaa mawili, sukari inashuka. Chini ya 3.9 kwenye mashine (au 70 kama mashine yenu inasoma kwa miligramu) hiyo imeshuka. Dalili ni jasho, kutetemeka, mapigo ya moyo kwenda mbio, ila kwa wazee inaweza kuonekana kama usingizi tu au kuongea vitu visivyoeleweka na watu wakasema muacheni kachoka. Mpime. Kama imeshuka na anameza vizuri mpe nusu glasi ya juisi yenye sukari au vijiko vidogo 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, ikiwa bado iko chini rudia, ikipanda ale chakula. Kama hawezi kumeza au hajitambui usimwekee chochote mdomoni, hospitali haraka.

Na msimwambie aache dawa kwasababu leo ni sikukuu, wala asiongeze dozi kwasababu kala sana, isipokuwa daktari wake ameshamuelekeza.

Mwenye ugonjwa wa moyo yeye shida yake ni chumvi. Akiongezeka kilo 2 au zaidi ndani ya siku 3, miguu ikavimba, au akashindwa kulala chali bila kubanwa pumzi, hayo ni maji yamejaa mwilini, daktari amuone.

Bibi ana maumivu ya mgongo baada ya safari na shangazi ana vidonge kwenye pochi. Tumpe?

Msimpe kabla hamjajua ni vidonge gani. Diklofenaki na ibuprofeni zinapandisha presha, zinaumiza figo, zinaweza kusababisha tumbo kuvuja damu, na kama bibi anatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini hatari inazidi. Mara nyingi parasetamo ndo ya kuanzia, ila angalieni dawa za mafua za mchanganyiko maana nyingi ndani yake kuna parasetamo tayari, mtu anameza dozi mbili bila kujua. Zile dawa za mafua zinazoleta usingizi nazo sio nzuri kwa wazee, zinaleta kuchanganyikiwa, mkojo kugoma kutoka na kuanguka.

Hiyo pochi yenyewe iwekwe juu, mbali na watoto. Vidonge vya presha au vya sukari vya bibi vinaweza kumuua mtoto mdogo, na sikukuu ndo siku watoto wanapekua mabegi ya wageni.

Mama ana ugonjwa wa kusahau. Tumlete kwenye mkusanyiko au abaki nyumbani?

Inategemea alivyo sasa hivi, sio alivyokuwa sikukuu iliyopita. Anayemtunza kila siku ndo mumsikilize kwanza, akisema watu wengi wanamchosha msimbishie eti mwaka jana alifurahi.

Kama atakuja, muda mzuri kwa wengi ni asubuhi au mchana, jioni wengi wao hali hubadilika wanakuwa na wasiwasi wanataka "kurudi nyumbani" hata kama wako nyumbani. Mwekeni sehemu ambayo watu hawapiti nyuma yake, mziki uwe chini, wamsogelee wawili watatu kwa zamu sio wote mara moja. Kiwepo chumba kimoja kimya cha kupumzika na watu waheshimu hicho chumba kisigeuke stoo ya mabegi.

Naomba sana muache ule mtihani wa "unanikumbuka mimi nani?" Unamuumiza, anajua anatakiwa kujua na hajui, mbele ya watu. Jitambulishe mwenyewe, "shikamoo mama, mimi mtoto wa dada yako mkubwa, nimekuja kukusalimia", ukae karibu uongee taratibu. Mpeni kazi anayoiweza kama kukunja vitambaa, mtaona uso unafunguka.

Kupotea ni jambo la kweli hasa wageni wanapoingia na kutoka na mlango uko wazi. Namba ya simu iwe kwenye mfuko wa nguo yake, na asubuhi akishavaa mpigeni picha, ili akipotea mseme kavaa nini leo, sio mbahatishe.

Kitu cha muhimu kuliko vyote: akibadilika ghafla ndani ya masaa au siku moja mbili, kachanganyikiwa kupita kawaida au amekuwa wa kulala tu haamshiki vizuri, msiseme ugonjwa umeongezeka. Ugonjwa wa kusahau mara nyingi unaenda taratibu. Mabadiliko ya ghafla yana sababu nyingine, maambukizi ya mkojo au mapafu, kuishiwa maji, dawa mpya, hata choo kigumu, na anatakiwa aonwe na daktari siku hiyo hiyo hata kama hana homa. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali na mwili usichemke.

Ndugu katoka mbali ila ana mafua. Tumfukuze?

Asifukuzwe, ila asikae na mzee. Amsalimie kwa mbali au kwa simu ya video akiwa chumba kingine, avae barakoa, madirisha yawe wazi, na wote mnawe mikono kwa sabuni sekunde 20. Aliyeumwa kabla ya safari ni bora aseme mapema apangiwe kuja siku nyingine.

Dalili gani hatusubiri sikukuu iishe?

Uso kwenda upande mmoja, mkono kuishiwa nguvu, maneno kukwama au kutoeleweka, hicho ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo. Andikeni saa ya mwisho alipoonekana mzima, kwasababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, na daktari atawauliza hilo. Msimpe aspirini wala chakula njiani.

Moyo nao, wazee na wenye kisukari wanaweza kupata shambulio bila maumivu ya kifua, unaona tu pumzi imekata, jasho la baridi, kichefuchefu, uchovu wa ghafla. Akianguka na mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje msimnyanyue, iteni msaada. Akigonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda aende hospitali hata kama anasema hajaumia.

Kabla ya siku yenyewe mjue hospitali gani ya karibu iko wazi usiku, nani ataendesha, na gari lina mafuta.

Tukiwa wote pamoja, si ndo wakati wa kuongea na mzee kuhusu akija kuugua sana?

Wakati ni mzuri, ila sio mezani na sio kwa kumshtukiza. Mwambieni siku kadhaa kabla kwamba mngependa kumsikiliza, akae na mtu mmoja au wawili anaowaamini. Nani aseme kwa niaba yake akishindwa kuongea, matibabu gani asingeyataka, angependa kuuguziwa wapi, kitu gani kikiondoka maisha yatakuwa hayana raha kwake. Kosa linalofanyika sana ni watoto kumjadili mzee akiwa amekaa pale pale kana kwamba hayupo. Muandike alichosema, muulize hospitali au mwanasheria fomu gani inakubalika mahali mlipo maana sheria zinatofautiana, na ajue anaweza kubadilisha mawazo. Akisema leo hataki, muache, urudi siku nyingine.

Na yule anayeishi nae mwaka mzima mumkalishe pembeni mumuulize yeye analalaje, na mumpe siku kadhaa za kupumzika mkiwa bado mpo.

Wageni wameondoka. Kuna cha kufuatilia?

Siku 2 au 3 za kwanza angalia kikohozi, hamu ya kula, usingizi na uvimbe. Aliyesafiri amekaa masaa 4 au zaidi, mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi (nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti) inaweza kuwa damu imeganda, hata wiki kadhaa baadae, na akibanwa pumzi ni dharura. Rudisha dawa sehemu zake uhesabu vidonge. Waliosafiri nao waseme walichoona, nguo zimemlegea, anashika ukuta akitembea, maana anayemuona kila siku hayo yanampita, na mkubaliane nani atampeleka kliniki na tarehe gani.