Je, wajua kwa nini koloni la wafungwa la Sydney lilimhitaji fundi saa?

Kuanzia 1788 hadi 1868 Uingereza ilisafirisha wafungwa wapatao 160,000 kwenda Australia. Wengi waliishia kukata miti, kuvunja mawe na kulima. James Oatley, aliyeshushwa Sydney Januari 1815 na hukumu ya kuhamishwa maisha, hakushikishwa shoka. Alikuwa fundi saa, na Gavana Lachlan Macquarie alimwacha afungue duka mtaa wa George, kisha akamkabidhi kuitunza saa ya mji.

Sababu yenyewe ni kazi. Miaka hiyo wafungwa wengi wa Sydney hawakulala gerezani. Aliyepangiwa kazi za serikali aliachiwa saa tisa alasiri, akaenda kutafuta kibarua chake ili alipie chumba cha kupanga. Macquarie aliyataka masaa hayo. Juni 1819 akafungua kambi ya Hyde Park, iliyokusudiwa kulaza wanaume 600 kwenye machela za kamba na turubai, na siku ya kazi ikarefushwa mpaka jua kuzama. Watu mamia hawaamshwi, hawalishwi wala hawatolewi kazini kwa makisio. Oatley alilipwa pauni 75 kwa saa iliyowekwa juu ya jengo hilo, na kwa saa hiyo wafungwa wenzake wakapoteza alasiri zao. Hata msanifu wa jengo, Francis Greenway, aliletwa kwa kosa la kughushi hati. Mwaka 1966 Australia ikaweka sura yake kwenye noti ya dola kumi, jambo ambalo waghushi wachache wamejaliwa.

Ugumu wa fundi ulianzia kwenye mvutano wa dunia. Saa ya pendulamu, yaani yenye uzito unaobembea kwenye fimbo, iliyorekebishwa London haiendi sawa Sydney, hata kama haikupata mkwaruzo melini. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, kwa hiyo kadiri unavyosogelea ikweta mvutano hupungua na pendulamu hubembea polepole zaidi. Pendulamu inayopiga sekunde moja kila upande ina urefu wa milimita 994 hivi kule London. Ukiitundika Sydney bila kuigusa, saa itachelewa zaidi kidogo ya dakika moja kila siku. Ukiileta Mombasa, itachelewa zaidi ya dakika mbili. Dawa ni kukaza nati iliyo chini ya uzito ili uzito upande. Kwa Sydney, milimita moja na nusu tu zinatosha.

Halafu kuna joto. Fimbo ya chuma hurefuka inapopata moto: nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka, saa inapoteza kama sekunde 5 kwa siku. Fimbo ya mbao kavu hutulia zaidi kwenye joto, lakini unyevu wa bandarini huivimbisha isipopakwa vanishi vizuri.

Na fundi ataijuaje saa sahihi, wakati hakuna telegrafu wala mpira wa kuangushwa mnarani kila siku ili watu walinganishe saa zao? Kwa jua. Unasubiri kivuli kifike kwenye mstari wa adhuhuri, kisha unafungua jedwali la marekebisho, kwa maana jua lenyewe halina nidhamu ya saa: mwanzoni mwa Novemba hutangulia kwa dakika 16, na katikati ya Februari huchelewa kwa dakika 14. Fundi aliyelipuuza jedwali hilo angeishia kuivuruga saa isiyo na kosa.

Kazi ya mezani ilikuwa hasa saa za mfukoni, na hapo mwanafunzi mwenye pupa huleta hasara. Ndani ya saa ya wakati ule mna kamani, utepe wa chuma unaoiendesha saa, iliyojikunja kwenye kopo la shaba, mnyororo mwembamba kama uzi mnene, na koni yenye mfereji ambayo mnyororo huizunguka. Koni ipo kwa sababu kamani iliyojazwa huvuta kwa nguvu na ile inayokaribia kuisha huvuta kwa ulegevu. Mnyororo ukianza kwenye ncha nyembamba na kumalizia kwenye upana, nguvu inayofika kwenye magurudumu inabaki karibu sawa. Kwa hiyo kabla ya kung'oa gurudumu la mizani, lile linalokwenda huku na huku, kwanza legeza kamani polepole. Ukisahau, magurudumu yote yatafyatuka kwa kasi, na meno au ncha za ekseli zitavunjika. Koloni lenyewe halikuwa na kiwanda cha vipuri: au usubiri meli kwa miezi, au ukate jino jipya kwa tupa.

Usafi hufanywa kwa brashi na chaki ya unga, na kila tundu la ekseli huzungushiwa kijiti kilichochongwa mpaka kitoke bila weusi. Mafuta ni tone dogo kwenye ncha za ekseli. Kwenye meno ya magurudumu usitie kabisa. Wengi hudhani saa inayosita ina kiu ya mafuta, kumbe mafuta ya zama hizo, ya mimea au wanyama, yaliganda yakashika vumbi, na vumbi lenye mafuta hula shaba kama msasa. Saa nyingi zilizoletwa dukani kuwa zimekufa zilihitaji kuoshwa tu.

Oatley alitengeneza pia saa kubwa za kusimama, zenye makasha ya mwerezi mwekundu wa huko huko. Mwaka 1821 alipata msamaha wa masharti: huru ndani ya koloni, marufuku kurudi Uingereza. Baadaye alipewa ardhi kusini mwa Sydney, ambako leo kuna kitongoji chenye jina lake. Alifariki 1839. Mwanawe, James pia, alikuwa meya wa Sydney mwaka 1862.