Swali la balagha sio swali lisilo na jibu

Nimevumilia mara nyingi ila ya Ijumaa imenishinda. Kuna shule moja huku Kigoma huwa naenda kuwasaidia kidato cha tatu kwenye debeti ya Kiingereza, mada ilikuwa kufunga Ziwa Tanganyika, yani kusimamisha uvuvi kwa muda ili samaki wazaliane, kuna faida kuliko hasara. Kijana mmoja wa upande wa kupinga, baba yake anavua dagaa pale Kibirizi, akasimama akauliza, mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, mvuvi ambae hana shamba alitakiwa ale nini? Mwenyekiti akagonga meza, akasema hilo ni swali la balagha, halihitaji jibu, tuendelee. Darasa zima makofi. Kijana akakaa taratibu, karatasi yake bado kaishika mkononi.

Jamani, lile lilikuwa swali kabisa.

Swali la balagha ni lile ambalo muulizaji hatafuti taarifa, anasema jambo lake kwa umbo la swali. Umemwaga mawese jikoni, mama anakuuliza hivi wewe una macho kweli? Jibu analo yeye na wewe unalo, ndo maana unainama tu kuokota kidumu. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Sasa shida naona inaanzia madaftarini, watu wamekariri "swali lisilohitaji jibu" wakaishia hapo, wakati neno lenyewe linasema kitu kingine kabisa. Balagha limetoka kwenye Kiarabu na mzizi wake ni kufika. Mzizi huohuo ndo umetupa kubalehe, yani mtoto amefika umri, na ndo umetupa mubalagha, ile ya kutia chumvi, maneno yamesukumwa yakapitiliza (kwa hiyo anaekwambia "punguza balagha" akimaanisha unakuza mambo, neno analolitafuta ni mubalagha). Balagha yenyewe ni ufasaha, ila ufasaha wa aina yake, wa neno kumfikia anaesikiliza. Wagiriki wao neno lao la fani hii, retorike, walilitoa kwa msemaji mwenyewe, yule anaesimama hadharani kuhutubia, sisi tumerithi neno linalotazama kama ujumbe umefika upande wa pili. Mimi napenda hili letu zaidi, maana linakupa na kipimo cha kutumia. Swali ni la balagha pale ambapo jibu limeshamfikia msikilizaji kabla hujafunga mdomo.

Angalia Mark Antony kwenye ile tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere, aliesoma sekondari hapo jirani zetu Tabora, aliitafsiri ikatoka 1963. Antony amesimama na maiti ya rafiki yake Caesar mbele ya umati, Brutus, mmoja wa waliomuua, kashawaambia watu kwamba marehemu alikuwa na tamaa ya madaraka. Antony hakurupuki kuuliza. Anaanza kuwakumbusha kwamba Caesar alileta mateka wengi Roma, na fidia zao zikajaza hazina ya umma, alafu ndo anawauliza, hiyo ilionekana kuwa tamaa? Jibu kashaliweka mikononi mwao. Hapo ndo balagha.

Turudi kwa kijana wetu. Maneno yaleyale angeyasema mwaloni Kibirizi mbele ya wavuvi wenzake baba yake, ingekuwa balagha, maana kila mtu pale anajua alikula nini na alikopa kwa nani. Ila darasani alikuwa anawauliza watu wanaotetea ziwa lifungwe samaki wazaliane, na hao ndo wanaotakiwa waseme mvuvi aliishi vipi hiyo miezi mitatu. Kwao jibu lilikuwa halijafika bado, kwa hiyo umbo la swali ni lilelile lakini kazi yake imebadilika. Na hata lingekuwa la balagha kweli, hakuna sheria inayokataza kulijibu, mpinzani ana haki kabisa ya kusema jibu unalodhani tunakubaliana mimi silikubali. Kinachoniuma ni neno la ufasaha kugeuzwa kufuli la mdomo, unampachika mwenzako balagha ili usijibu, na huko ni kukwepa hoja, kosa ambalo tunawafundisha hao hao watoto kulikamata.

Baada ya kipindi nilimfata mwenyekiti, ni mtoto mzuri na Kiingereza anakiweza, nikamwambia mdogo wangu, siku nyingine kabla hujasema balagha geuka kwanza uangalie upande unaoulizwa. Maana Ijumaa wakati anagonga meza, binti mmoja wa upande wa kuunga mkono alikuwa ameshanyoosha mkono ajibu.